Prodyuza wa kituo au prodyuza huru: ulinganisho kwa anayetaka kutayarisha filamu za hali halisi

Karibu kila mwezi kuna kijana anayenijia na swali lile lile. Ameshasaidia kwenye filamu mbili tatu, anajua seti inavyoendeshwa, na moyo wake hauko kwenye kamera. Anataka kuwa prodyuza wa filamu za hali halisi. Mbele yake kuna milango miwili: ajira katika kituo cha televisheni au kampuni kubwa ya vipindi, au kujitegemea akiwa na kampuni yake ndogo, wazo moja na mwongozaji anayemwamini. Anataka nimwambie aingie upi.

Nimekaa pande zote mbili. Miaka sita nilikuwa ndani ya kituo, na tangu hapo nimekuwa huru. Nikiwasikia watu wakilinganisha njia hizi, huweka mshahara upande mmoja wa mizani na uhuru upande wa pili, basi. Mizani hiyo inadanganya. Wapo walioajiriwa ambao huchagua hadithi zao bila kuulizwa sana, na wapo walio huru ambao kila wiki wanafanya anachotaka mfadhili. Tofauti ninayoiona mimi ni hii: filamu ikikwama, inabaki mikononi mwa nani? Na filamu ya hali halisi lazima ikwame mahali, maana inategemea maisha ya watu ambao hakuna aliyewaandikia mswada. Kituoni, inabaki mikononi mwa kituo. Ukiwa huru inabaki kwako, pamoja na deni lake na simu zake za usiku. Mambo mengine ninayoyaeleza hapa yanaanzia kwenye hilo.

Kazi ni ile ile, mikono ndiyo inayopungua

Wengi hudhani prodyuza ni mwenye pesa. Mara nyingi hana hata senti yake ndani ya filamu. Kazi yake ni kuzitafuta pesa, kuzilinda na kuzitolea hesabu. Anaandika bajeti na ratiba, anasaini mikataba, anafuatilia vibali na bima, anakusanya fomu za ridhaa za kila anayeonekana, analipia haki za muziki na picha za kumbukumbu. Halafu anakaa na mwongozaji na mhariri kuitazama filamu ingali mbichi, na kusema kweli kuhusu alichokiona. Tuzo ya Oscar ya filamu bora ya hali halisi hukabidhiwa mwongozaji pamoja na prodyuza, na kwa aliyewahi kumaliza filamu moja hilo halishangazi.

Shughuli hizo zipo pande zote mbili. Kituoni zimegawanywa kwa watu. Chukua kadi za kamera. Nilipokuwa kituoni, tukirudi kutoka kushuti nilizikabidhi kwa kijana wa idara ya data, nikasaini daftari, nikaenda kulala. Nilipoanza kujitegemea, kadi zile zile zilinikalisha macho: saa sita usiku, mezani kuna kadi nne na diski tatu, kila kadi inanakiliwa kwenye diski zote tatu. Unalinganisha idadi ya faili na ukubwa wake, unafungua faili la kwanza, la katikati na la mwisho ili uone kama picha inacheza na sauti ipo. Unaandika tarehe kwenye kipande cha teipu na kukibandika juu ya diski. Diski ya tatu hailali nyumba moja na zile mbili, maana moto na wezi hawachagui diski. Hapo ndipo unaruhusu kadi ifutwe. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri mnaondoka tena.

Ukisoma aya hiyo ukajisikia umechoka, kituo kitakufaa. Ukijisikia umetulia kwa sababu unajua kila faili liko wapi, una tabia ya mtu huru.

Pesa

Kwa aliyeajiriwa, maelezo ni mafupi. Mshahara unaingia mwisho wa mwezi, filamu iendelee au isimamishwe. Bajeti ya kipindi imeshapangwa na watu wa juu yako. Wewe unapambana kuibana itoshe. Ukizidisha unaitwa ofisini na kuulizwa, lakini hakuna atakayekuja kuchukua gari lako.

Kwa aliye huru, pesa huja vipande vipande, na kila kipande kina masharti yake. Kuna ruzuku za kuendeleza wazo, kuna mauzo ya awali kwa kituo ambacho kitarusha filamu ikiisha, kuna fedha za ushirika wa nchi mbili au tatu, kuna wakfu. Mfuko wa Bertha wa IDFA, tamasha la filamu za hali halisi la Amsterdam, programu ya filamu za hali halisi ya Taasisi ya Sundance ya Marekani, na mfuko wa DocuBox wa Nairobi kwa watengenezaji wa Afrika Mashariki ni baadhi ya milango inayogongwa sana. Kuna pia vikao vya kunadi filamu, kama vile vinavyofanyika IDFA, na kwenye matamasha ya Hot Docs ya Toronto na Sheffield ya Uingereza, ambapo unasimama na mwongozaji wako mbele ya wahariri wa vituo, yaani wanaochagua filamu za kununua, na wafadhili, mnaonyesha dakika chache za picha, mnajibu maswali. Kutoka kikao kama hicho hadi fedha kuingia benki inaweza kupita miezi mingi, na hilo ndilo wanaoanza wasilolipigia hesabu.

Shida kubwa ya prodyuza huru kwa kawaida haiko kwenye jumla ya bajeti. Iko kwenye tarehe za malipo. Mkataba wa kawaida hulipa kwa awamu: sehemu mkisaini, sehemu mkianza kushuti, sehemu mkiwasilisha toleo la awali la uhariri, na sehemu ya mwisho mkishakabidhi filamu iliyokamilika na nyaraka zake zote. Sasa angalia: ili uikabidhi unahitaji kumlipa fundi wa rangi, fundi wa sauti, mfasiri wa manukuu na wenye picha za kumbukumbu. Pesa za kuwalipa zimo katika awamu ambayo hutapewa mpaka wamemaliza. Kwenye karatasi filamu yako ina fedha zote. Benki huna kitu. Nimeona kampuni nzuri zikifa zikiwa na mikataba mizuri kabatini. Kwa hiyo mtu huru anapaswa kuwa na karatasi mbili kila wakati, bajeti na kalenda ya fedha, inayoonyesha kila wiki kinachoingia na kinachotoka. Ukiona wiki yenye shimo miezi minne kabla, una nafasi ya kuzungumza na mfadhili akupe awamu mapema. Ukiiona siku yenyewe, unakopa.

Jambo jingine: weka asilimia 10 ya bajeti kwa dharura na usiiguse wakati wa kupanga. Na usikifute kifungu cha malipo yako mwenyewe. Prodyuza huru akibanwa, kitu cha kwanza anachokata ni jasho lake, kwa sababu ndiye pekee asiyelalamika. Nilifanya hivyo kwenye filamu yangu ya kwanza. Matokeo yake bajeti ile ilidanganya kila mtu aliyeisoma, wakiwemo wafadhili wa filamu iliyofuata, ambao waliona kwamba kumbe kazi ya prodyuza hugharimu sifuri.

Muda, na unachojifunza ndani yake

Televisheni ina saa. Kipindi kinaingia kwenye nafasi yake, dakika 52 kwa vituo vingi vya Ulaya, na tarehe ya kurusha ikishapangwa haisogezwi kwa sababu mhusika wako hajaamua bado kama ataolewa. Hilo linaumiza hadithi nyingine. Kuna filamu ambazo zisingezaliwa ndani ya ratiba hiyo. Hoop Dreams, filamu ya vijana wawili wanaocheza mpira wa kikapu, iliyotengenezwa Chicago na kampuni ya Kartemquin, ilianza kama wazo la filamu ya nusu saa kwa televisheni ya umma ya Marekani. Wakaendelea kuwafuata wale vijana wawili kwa miaka kama 5, wakajaza saa 250 hivi za picha, na mwaka 1994 ikatoka filamu ya karibu saa tatu. Mhasibu yeyote wa kituo angeisimamisha mwaka wa pili, na kwa hesabu zake angekuwa sahihi.

Lakini saa ya kituo ina fadhila ambayo watu huru hawapendi kuitaja. Inakufundisha kumaliza. Katika miaka yangu sita ya ajira nilikabidhi vipindi zaidi ya 30. Katika muda mrefu zaidi wa kujitegemea nimekabidhi filamu tatu. Vile 30 havikuwa vikubwa, na vingine nisingependa uvione leo, ila kwa kila kimoja niliandika mkataba, nilibishana kuhusu muziki, nilimtuliza mwongozaji, nilikaa kwenye chumba cha uhariri wakati hadithi haikai sawa. Kurudia huko hakuna chuo kinachokutolea. Mtu anayeanza moja kwa moja na filamu yake ya miaka minne hujifunza kila hatua mara moja tu, na hatua ya mwisho, kukabidhi, hujifunza akiwa amechoka na amefilisika.

Hatimiliki

Kituoni, ulichotengeneza si chako. Jina lako litapita mwishoni, na siku ukiondoka filamu zinabaki. Kuna ubaya katika hilo na kuna nafuu: kituo kina mwanasheria, kina idara ya haki, kina bima ya mashtaka, na kikiburutwa mahakamani wewe unaitwa kama shahidi.

Kwa mtu huru, umiliki hutegemea mkataba na hutegemea nchi. Kama kituo kimoja kinalipia filamu yote, mara nyingi kitataka haki zote. Uingereza mambo yalibadilika baada ya Sheria ya Mawasiliano ya 2003, ambayo ilivilazimu vituo vya utangazaji wa umma kuwa na kanuni za kununua kazi kwa watayarishaji huru. Tangu hapo watayarishaji wakawa wanabaki na haki zao na kuuza filamu kwingine. Kwingi duniani hakuna kinga kama hiyo, na unabaki na kile ulichokipigania mezani kabla ya kusaini.

Ila kumiliki kuna mzigo wake, na mfano ninaowapa wanafunzi siku zote ni Eyes on the Prize, mfululizo wa historia ya harakati za haki za raia Marekani. Henry Hampton na kampuni yake huru ya Blackside ya Boston waliurusha kupitia PBS, televisheni ya umma ya Marekani, sehemu ya kwanza mwaka 1987 na ya pili mwaka 1990. Ulijaa picha za habari, picha za mnato na nyimbo za watu wengine, na leseni za vitu hivyo zilinunuliwa kwa miaka michache tu, kwa sababu pesa za kununua za kudumu hazikuwepo. Katikati ya miaka ya 1990 leseni zikaisha. Kazi ile kubwa, iliyokuwa ikifundishwa mashuleni, haikuweza tena kurushwa wala kuuzwa upya. Hampton alifariki mwaka 1998. Mfululizo ulianza kurudi hewani mwaka 2006, baada ya wakfu na wahisani kulipia haki kwa mara ya pili.

Siwalaumu Blackside kwa hilo, walinunua walichoweza. Ninachotaka ukione ni kile kifungu kidogo katika leseni, kile kinachosema kwa miaka mingapi, kwa nchi zipi, kwa njia zipi za kuonyesha. Kituoni kuna mtu ameajiriwa kukisoma. Ukiwa huru ni wewe, ukiwa na usingizi.

Watu walio ndani ya filamu

Hapa ndipo nilipobadilika mimi, kwa hiyo nitakawia kidogo.

Nikiwa kwenye ajira tulitengeneza kipindi kuhusu familia zinazouguza. Mama mmoja alituruhusu kuingia kwake kwa wiki kadhaa. Alisaini fomu ya ridhaa, akanywa chai na sisi, akalia mbele ya kamera akizungumzia mwanawe. Siku tisa kabla ya kurusha akanipigia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akasema sehemu ya mwanawe aliyoisema hapendi tena iende, kijana amejua na amekasirika. Nilipeleka ombi lake juu. Mwanasheria akaitazama fomu, akasema iko sawa. Mhariri mkuu akasema sehemu ile ndiyo moyo wa kipindi, na hilo pia lilikuwa kweli. Ikarushwa ilivyokuwa. Kisheria hakuna aliyekosea. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshapangiwa kipindi kingine, na mama yule alipopiga simu kituoni alipokelewa na mtu wa mapokezi ambaye hakumjua.

Miaka baadaye, nikiwa huru, likanijia jambo karibu sawa. Mzee aliyekuwa mhusika wetu mkuu aliniomba tuondoe mazungumzo yake na kaka yake, maana walikuwa wamepatana. Fomu alikuwa amesaini. Hapakuwa na mwanasheria wala mhariri mkuu. Tulikuwa mimi, mwongozaji na mhariri, na tarehe ya mwisho ya tamasha ikiwa siku kumi mbele. Tuliyaondoa. Filamu ikabomoka katikati, tukatumia wiki tatu kuijenga upya, tamasha likatupita, na wiki zile tatu za mhariri zililipwa kutoka kwenye fungu la dharura mpaka likaisha. Mzee yule bado ananipigia simu siku za sikukuu.

Sisemi kituo ni kikatili na mtu huru ni mwema. Wapo wahariri wa vituo waliosimamisha vipindi ili kumlinda mhusika, na wapo watu huru wanaoburuta familia maskini kutoka tamasha hadi tamasha. Ninachosema ni kwamba ukiwa huru uamuzi unaufanya wewe na gharama unailipa wewe, na mhusika anajua namba yako. Jiulize kwa dhati kama unataka mamlaka hayo. Kuna watu wema kabisa ambao hawalali wakibeba maamuzi ya aina hiyo peke yao, na kwao kuwa na meza ya watu watano wa kuamua ni bora zaidi.

Njia ya tatu, kwa kifupi

Kati ya milango hii miwili kuna kazi za kuagizwa: shirika la misaada, taasisi au kampuni inataka filamu fupi kuhusu jambo lake. Njia hii ni ya zamani. Hata filamu ya Nanook of the North ya mwaka 1922 ililipiwa na kampuni ya Kifaransa ya biashara ya manyoya, Revillon Frères. Kazi hizi zinalipa haraka, na watengenezaji huru wengi ninaowajua hulipia kodi ya nyumba kwa kazi hizi huku filamu yao ikiendelea taratibu. Zifanye, lakini mwambie mhusika wazi kwamba anayelipa ni nani. Na weka kikomo, kwa mfano miezi mitano ya mwaka na isizidi. Nimewaona watu waliosema wanafanya moja tu ya kujikimu, na miaka saba ikapita.

Ungeniuliza mimi

Kama hujawahi kukabidhi kazi kamili, na nyaraka zake, kwa mtu aliyekulipa, nenda ukaajiriwe. Miaka miwili au mitatu inatosha. Usiende kama mfungwa anayehesabu siku: omba kukaa idara ya haki wiki moja, kaa na mhasibu, soma mikataba ya zamani.

Kama kuna hadithi inayotokea sasa hivi, watu wanaokuamini, na mlango ambao mwakani utakuwa umefungwa, basi usingoje ajira. Anza kushuti, hata kwa kamera ya kuazima, huku ukiomba ruzuku ya kuendeleza wazo. Ila kabla hujaanza uwe na akiba ya kuishi miezi sita ambayo haimo kwenye bajeti ya filamu, na uwe na makubaliano ya maandishi na mwongozaji wako: nani anamiliki nini, na mkiachana picha zinabaki kwa nani. Marafiki huona aibu kuandika jambo hilo. Waandike wakiwa bado wanacheka pamoja.

Kama una familia inayokutegemea na deni lililoanza, usisikilize anayekuambia kwamba ajira ni kusaliti sanaa. Baadhi ya vipindi vilivyogusa watu wengi kuliko filamu zangu zote vilitengenezwa na prodyuza waliokuwa na kadi ya kazi shingoni na gari la kuwarudisha nyumbani jioni.

Na ukipewa mkataba wa ajira, kabla ya mshahara, tafuta kifungu kinachozungumzia kazi unazobuni nje ya saa za kazi. Vituo vingine huandika kwamba wazo lolote la filamu utakalolipata ukiwa mwajiriwa wao ni mali yao. Omba kiongezwe kiambatisho kinachotaja hadithi yako, jina la mradi na tarehe uliyoianza, wasaini ukurasa huo, na nakala moja ikae nyumbani kwako pamoja na ile diski ya tatu.